Mdharau Mwiba: Chembe Ndani ya Nyonga Bandia

Safu hii, kama ilivyo desturi yake, inachukua jambo moja la maabara na kulieleza kwa Kiswahili bila kukimbilia Kiingereza kila baada ya sentensi mbili. Mara hii ni zamu ya wenzetu wa uhandisi wa vifaa tiba. Swali lao ni hili: kiungo bandia kinapotoka kiwandani, kimefungwa ndani ya pakiti juu ya pakiti, kinang'aa kama sahani ya harusi, tunajuaje kwamba hakina chembe za kitu kingine juu yake? Na chembe zikipatikana, tunajuaje ni za nini?

Kwanza tupatane juu ya neno. Kitu kinachowekwa mwilini na kubaki humo huitwa kipandikizi. Lakini ukilitamka neno hilo mbele ya watu wa nyumbani, wengi watafikiria njiti za uzazi wa mpango zinazowekwa chini ya ngozi ya mkono. Hawajakosea, maana hizo nazo ni vipandikizi. Mimi leo nitazungumzia zaidi nyonga bandia, yaani kikombe na mpira wake vinavyowekwa badala ya nyonga iliyolika, na nitasema "kiungo bandia" ili tusipishane njiani.

Kutakaswa si kusafishwa

Watu wengi hudhani kwamba kifaa kikishaandikwa kwenye pakiti kwamba kimeuliwa vijidudu, basi ni safi. Hayo ni mambo mawili. Kutakasa kifaa ni kuua kila kijidudu kilicho hai juu yake, kwa mvuke, kwa gesi au kwa mionzi. Kusafisha ni kuondoa kitu kisichotakiwa. Mionzi ya gama ikipita juu ya punje ya chuma, bakteria waliokuwa juu ya punje hiyo watakufa, lakini punje itabaki pale pale.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Mtu aliyelelewa pwani anajua tangu utotoni kwamba uchafu na najisi ni vitu tofauti. Nguo iliyorukiwa na tope ni chafu, lakini si lazima iwe na najisi. Nguo nyingine inaweza kuonekana nyeupe pe, kumbe ina najisi isiyoonekana. Hakuna anayeona ajabu kwamba kitu kimoja kinapimwa kwa mizani mbili. Kiungo bandia nacho kina mizani mbili: kimeuliwa vijidudu au hakijauliwa, kina uchafu au hakina. Kufaulu katika mizani ya kwanza hakusemi lolote juu ya ya pili.

Somo hili lilifundishwa kwa gharama kubwa. Desemba 2000, kampuni ya Sulzer Orthopedics ya Austin, Texas, ilitangaza kurudisha vikombe vya nyonga vya aina ya Inter-Op. Tayari vikombe vipatavyo 17,500 vilikuwa vimeshawekwa ndani ya watu. Kikombe cha aina hiyo hakifungwi kwa saruji. Mfupa wenyewe unatarajiwa kuota na kuushika uso wake uliokwaruzwa. Kwa wagonjwa wengi mfupa haukushika. Sababu iliyobainika ni mabaki ya mafuta ya mashine za kiwandani yaliyosalia juu ya chuma. Vikombe vilikuwa vimetakaswa. Vilionekana vizuri kwa macho. Maelfu ya watu walilazimika kupasuliwa tena, na mashauri ya fidia yaliisha kwa makubaliano ya takriban dola bilioni 1. Huo ulikuwa utando mwembamba wa mafuta, na chembe ngumu zina hatari zake nyingine.

Kitu kidogo hivyo kina ubaya gani?

Tuanze na vipimo. Milimita moja ina maikromita 1,000. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita kati ya 50 na 100 hivi, na hapo ndipo jicho tupu linapoanza kushindwa. Chembe nyekundu ya damu ni maikromita 7 au 8. Vitu vinavyosumbua wahandisi wa viungo bandia vinaanzia kwenye unyoya unaoonekana kwa jicho na kushuka hadi chini ya maikromita 1.

Historia yake imepita hapa hapa Uingereza. Daktari John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, ndiye baba wa nyonga bandia tunayoijua leo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutengeneza vikombe kwa plastiki ile ile inayopakwa kwenye vikaango, ambayo wengi tunaiita Teflon. Ilikuwa laini, yenye kuteleza, na wagonjwa walifurahi. Baada ya miaka michache vikombe vilikuwa vimelika, na ndani ya nyonga mlikuwa mmejaa vinundu vya unga wa plastiki na mwili uliokasirika. Wagonjwa wapatao 300 walikuwa wamewekewa. Mwaka 1962 Charnley alihamia kwenye polietilini, plastiki ngumu zaidi ambayo jamaa zake wa karibu bado wanatumika hadi leo. Lakini kabla ya kuiamini kabisa, alijidunga mwenyewe pajani chembe za plastiki zote mbili. Baada ya miezi kadhaa, mahali pa Teflon palikuwa na vinundu vya kuguswa kwa kidole. Mahali pa polietilini hapakuwa na kitu.

Charnley alikuwa ameuliza swali lililo sahihi: je, hizi ni chembe za nini, na mwili unazionaje? Idadi ya chembe peke yake isingemwambia.

Leo tunajua zaidi. Hata polietilini, ikisagika ikawa unga wa kati ya maikromita 0.1 na 1, huwa na madhara. Seli za ulinzi zinazoitwa makrofaji huimeza zikidhani ni adui, zinashindwa kuisaga, na zinapiga kelele za kemikali kuita msaada. Kelele hizo zinaamsha seli zinazokula mfupa. Mwaka baada ya mwaka mfupa unaoshikilia kiungo unapungua, mpaka siku moja kiungo kinacheza. Hapa hakuna kijidudu hata kimoja.

Sasa fikiria chembe ngumu iliyotoka kiwandani, punje ya mchanga wa alumina kwa mfano, imejificha kwenye kikombe na kuingia kati ya mpira na plastiki. Kila hatua anayopiga mgonjwa, punje hiyo inakwaruza mpira, na mpira uliokwaruzwa unasaga plastiki kwa kasi zaidi. Punje moja ngeni inazaa unga usiohesabika. Wazee walishasema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Kuzipata

Huwezi kuzitafuta chembe hizi kwa kukitazama kiungo chenyewe. Uso wake umekwaruzwa makusudi, una vishimo na mabonde, na chembe zinajificha humo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzihamisha. Kiungo kinaoshwa kwa maji au kimiminika kilichochujwa, mara nyingi ndani ya beseni linalotikiswa na mawimbi ya sauti yasiyosikika. Kimiminika hicho kinapitishwa kwenye utando wa kuchujia wenye vitundu vya maikromita chache. Maji yanapita, chembe zinabaki juu ya utando, na utando ndio unaowekwa chini ya hadubini.

Kuna mitego miwili hapa.

Wa kwanza: umejuaje kwamba zote zimetoka? Unaosha kiungo kile kile tena na tena, na kila mara unahesabu. Hesabu inapaswa kushuka. Kanuni inayotumika sana ni kwamba uoshaji wa mwisho utoe si zaidi ya asilimia 10 ya jumla ya zote zilizopatikana. Kama uoshaji wa sita bado unatoa nyingi kama wa kwanza, basi ama njia yako ya kuosha ni dhaifu, ama unakikwangua kiungo chenyewe na kujitengenezea chembe.

Mtego wa pili ni wewe mwenyewe. Binadamu anapukutisha ngozi, nywele na nyuzi za nguo muda wote. Chumba safi cha daraja la 7 katika kiwango cha ISO 14644-1, ambacho ni cha kawaida katika kazi hii, bado kinaruhusiwa kuwa na chembe 352,000 za maikromita 0.5 na zaidi katika kila mita ya ujazo ya hewa. Ndiyo maana kila kipimo kina pacha wake: unafanya kila hatua, kwa vyombo vile vile, bila kuweka kiungo. Tukiite kipimo kitupu. Kipimo kitupu kikitoa chembe 40 na kiungo kikatoa 45, huna haki ya kusema lolote juu ya kiungo hicho. Ripoti yoyote isiyoonyesha kipimo kitupu isome kwa jicho moja limefungwa.

Kuzitambua

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi yanafanyika mtu akishapata hesabu yake na kufunga daftari.

Mwangalie mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Hatoi tu kila kisichokuwa mchele, anajua alichokitoa. Akikuta vijiwe, anajua mpunga ulianikwa chini. Akikuta chuya nyingi, anajua mashine ya kukoboa ina kasoro. Akikuta wadudu, tatizo ni ghala. Idadi ya takataka ingeweza kuwa sawa katika magunia matatu, lakini kila gunia lina mlango wake ambao uchafu uliingilia, na huwezi kuufunga mlango usioujua.

Maabara hufanya hivyo hivyo, kwa vyombo vya bei tofauti.

Cha kwanza ni hadubini ya kawaida ya nuru. Rangi, umbo na mng'ao vinasema mengi. Chembe iliyojikunja na kung'aa ni ya chuma kilichokatwa. Kitu kirefu chembamba ni uzi. Ukiongeza vichujio viwili vya nuru viitwavyo polaraiza na kuvizungusha mpaka uwanja uwe giza, baadhi ya vitu vinajitokeza vikiwaka: polietilini inawaka, nyuzi za pamba zinawaka, chuma kinabaki cheusi. Punje ya wanga inaonyesha msalaba mweusi katikati ya duara angavu, alama ambayo ukiiona mara moja hutaisahau. Wanga wa mahindi ulikuwa ukinyunyiziwa kwenye glavu za madaktari ili zivalike kwa urahisi, na punje zake zilikuwa zikibaki ndani ya wagonjwa na kusababisha uvimbe na nyama kugandamana. Marekani ilizipiga marufuku glavu za unga kuanzia Januari 2017.

Cha pili ni spektroskopia ya infraredi. Kila molekuli inanyonya miale ya infraredi katika sehemu zake maalumu, na picha ya minyonyo hiyo ni kama alama ya kidole. Polietilini ina vilele viwili vikali karibu na 2,915 na 2,848, kwa kizio cha mawimbi kwa sentimita. Protini, na hiyo mara nyingi ina maana ya ngozi ya mtu, ina vilele karibu na 1,650 na 1,540. Njia hii huanza kushindwa chembe zikiwa chini ya maikromita 10 hivi. Hapo huitwa ndugu yake, spektroskopia ya Raman, inayotumia leza na kushuka hadi karibu maikromita 1.

Cha tatu ni kwa ajili ya metali na madini: hadubini ya elektroni yenye kipima eksirei. Elektroni zinaigonga chembe, nayo inajibu kwa eksirei zenye nguvu inayotegemea elementi iliyomo. Titani hujibu karibu na kiloelektronivolti 4.5, kromi 5.4, chuma 6.4, kobalti 6.9. Ndani ya dakika chache unajua punje imeundwa na nini.

Majibu hayo yanafungua milango. Tuseme kiungo chetu ni cha titani. Tukikuta punje ya chuma yenye kromi na nikeli, hiyo ni chuma cha pua, na haikutoka kwenye kiungo. Imetoka kwenye kishikizo au meza ya kazi. Tungsteni inaashiria kisu cha mashine kinachopukutika. Alumini pamoja na oksijeni ni mchanga wa alumina uliotumika kuukwaruza uso. Kalsiamu ni chokaa ya maji ya kuoshea, ile ile inayogandama kwenye birika za wanaoishi London. Selulosi ni karatasi au pamba. Poliesta yaelekea ni vazi la mfanyakazi. Protini ni mfanyakazi mwenyewe. Mtu anayesema tu "chembe 12" amekupa malalamiko. Mtu anayesema "chembe 12, tisa kati yake chuma cha pua, zote zimejikunja" amekupa anwani ya kwenda kugonga hodi.

Kuna sababu nyingine ya kusisitiza utambuzi. Kwa dawa za sindano kuna namba za wazi: famakopia ya Marekani inaruhusu, kwa chupa ya mililita 100 au chini, chembe zisizozidi 6,000 za maikromita 10 na zaidi, na 600 za maikromita 25 na zaidi, zikihesabiwa kwa mashine ya nuru. Viungo bandia vya mifupa vina kiwango chao cha usafi, ISO 19227 cha mwaka 2018, lakini hicho kinamtaka mtengenezaji athibitishe usafi wa kiungo chake na kutetea kikomo alichojiwekea. Huwezi kutetea kikomo kama hujui unachokihesabu. Nyuzi kumi za pamba na punje kumi za alumina hazilingani hata kidogo mbele ya mpira wa nyonga.

Nje ya kiwanda

Mpaka hapa tumelaumu kiwanda. Lakini bamba na skrubu za kuungia mifupa, ambazo hospitali nyingi za Afrika Mashariki huzitumia kila siku kwa majeruhi wa bodaboda, mara nyingi hukaa kwenye trei na kuoshwa hospitalini. Skrubu ambayo haikutumika leo inarudi kwenye trei, inaoshwa, inatiwa kwenye mvuke, inasubiri mgonjwa wa kesho. Inaweza kupita mzunguko huo mara nyingi kabla ya kuingia mfupani. Kila mzunguko unaua vijidudu, na kila mzunguko unaweza kuongeza chokaa ya maji, mabaki ya sabuni na nyuzi za kitambaa.

Hospitali kama hiyo haihitaji hadubini ya elektroni ili ianze. Utando wa kuchujia, pampu ndogo, hadubini ambayo maabara ya damu tayari inayo, na vipande viwili vya polaraiza vinatosha kujua kama tatizo ni nyuzi za kitambaa au chokaa ya maji. La kwanza linaondoka kwa kubadilisha kitambaa, la pili kwa kubadilisha maji ya kusuuzia. Wanachama wetu wanaosomea ununuzi na usimamizi wa afya nao wana kazi hapa: mtakapokaa mezani na mwuzaji wa viungo bandia, msiridhike na cheti cha kutakaswa. Ombeni ripoti ya usafi, na ndani yake tafuteni mambo mawili: kipimo kitupu, na majina ya chembe.

Neno la kumwambia bibi

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi wa chama cha Kiswahili kuliko wahandisi. Wengi wetu huitwa hospitalini kutafsiri kwa ajili ya bibi, shangazi au jirani. Daktari anasema kwamba nyonga aliyowekewa miaka 15 iliyopita imelegea kwa sababu ya chembe za plastiki zilizosagika. Mtafsiri, akiwa na haraka, anasema: "Bibi, nyonga yako imeingia uchafu."

Fikiria anachokisikia bibi. Huenda akasikia kwamba yeye ni mchafu. Huenda akasikia kwamba waliompasua hawakunawa mikono. Huenda akajiuliza kama swala zake za miaka yote hiyo zilikuwa sawa. Hakuna hata moja katika hayo ambalo daktari amelisema. Plastiki imesagika kwa kutembea, kama soli ya kiatu inavyolika. Hakuna aliyefanya uchafu.

Kwa hiyo napendekeza tutenganishe maneno matatu. Kinachosagika kutoka kwenye kiungo chenyewe tukiite unga wa msuguano. Kinachotoka nje, kiwandani au hospitalini, tukiite chembe ngeni. Na kilicho hai tukiite kijidudu, na matokeo yake maambukizi. Daktari akisema neno moja la Kiingereza linaloweza kubeba yote matatu, mtafsiri ana haki ya kumwuliza: "Daktari, ni lipi kati ya haya?" Tiba yake si moja. Maambukizi yanaweza kudai dawa za wiki nyingi na upasuaji zaidi ya mmoja. Unga wa msuguano hauna dawa ya kumeza. Bibi anayeamua kama akubali kupasuliwa tena anastahili kujua anaamua juu ya nini.

Walimu wetu wa isimu wakiwa na maneno bora kuliko haya matatu, waandikie safu hii. Nitayachapa toleo lijalo pamoja na hoja zenu, na tutayajaribu pamoja kwenye kikao cha wanaotafsiri hospitalini.